Kilele Kinachosimama Bondeni

Miaka ile nyumba yetu ya Mwanga ilijaa wageni waliovuka ziwa kukimbia vita. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka ng'ambo, mtu mzima, mkali wa macho. Mama alimfundisha kusalimia wakubwa kama sisi Waha tunavyosalimia: unainama, unapiga makofi taratibu, unangoja uitikiwe. Makofi aliyajua upesi, ila kuinama alikuwa anainama kwa ubahili.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu. Wanawake waliouza dagaa na mama pale Kibirizi walikuwa wamemtania: bintiye amesoma mpaka ameharibikiwa, anatafuta vilele visivyoonekana. Mama alicheka nao, akaja nyumbani amenuna. Asubuhi yake akamwita mwalimu uani.

"Mpime huyu. Kama anapoteza muda, niambie leo niache kuhangaika naye."

Basi nikachora kwenye mchanga. Nikawaambia mlinganyo wangu una namba moja ndogo, na kadiri unavyoipunguza, suluhisho linalala karibu na sifuri kila mahali, isipokuwa sehemu moja tu linapoinuka. Kilele hicho hakifupiki. Kinazidi kuwa chembamba. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kinasimama wapi. Tuseme chini yake kuna ardhi yenye vilima na mabonde. Mimi nilidai kilele kinakwenda kwenye bonde lenye kina kirefu kuliko yote.

Mwalimu akakunja uso. "Juu ya nini kisikae kule juu? Kilele ni cha mlimani!"

"Kwa sababu kusimama mlimani kunakula nguvu nyingi, mwalimu. Suluhisho ninalolitafuta ni lile la nguvu ndogo kabisa."

Alinibana mpaka jua likatuchoma. Nilijibu kila kitu, mstari kwa mstari, na sitaficha: nilijiona mtu mbele ya watu. Maswali yalipokwisha, mama alikuwa bado ameshika ungo wake, hapepeti wala hauweki chini.

"Vipi, mwalimu?"

Alikung'uta mchanga mikononi, akanigeukia mimi, mtoto ambaye angeweza kumzaa, akainama, akapiga makofi taratibu, akangoja nimwitikie. Machozi yakanitoka kabla sijaitikia.

Mama akaweka ungo chini.

"Inama zaidi, mwalimu," akasema.