Farasi Aliyekataa Kwenda Hospitali

Miti ya miwati ikichanua, mimi hupiga chafya. Haijalishi nimepanda Lushoto kwa shughuli gani, iwe harusi, iwe msiba, iwe kumsalimia mama tu. Gari likishaipita Soni na kuanza kuzikata zile kona za juu, harufu tamu ya yale maua ya njano huingia dirishani na kunikaa kooni, na mimi huanza. Wanangu hucheka, wakisema mama yao ni Msambaa wa ajabu, anaumwa na milima yake mwenyewe. Mimi hujifuta pua na kunyamaza, maana nikianza kuwaeleza itabidi niwaeleze habari za farasi, na habari za farasi ni ndefu. Ninyi mna nafasi, basi kaeni niwasimulie.

Alikuwa farasi mmoja tu kwa upande wetu wote, juu kule kupita Gare, wa rangi ya kahawia na baka jeupe usoni. Mwenye naye alikuwa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na shamba na nyumba ya kupokea wageni. Wageni walipofika, walipandishwa farasi wakatembezwa msituni. Baba yangu ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Yule mama alimpa farasi jina la kwao ambalo hakuna kinywa cha Kisambaa kilicholiweza, kwa hiyo watu walimwita Bwana Shamba. Lilimkaa hasa. Kila alipopita njiani alisimama kwenye shamba la mtu, akaikagua kabichi kwa makini, akaionja, akaendelea na safari. Tofauti yake na mabwana shamba wa serikali, alisema mama yangu, ni kwamba huyu alikuja kila wiki.

Sasa niwaeleze habari ya bibi. Huyu alikuwa mama mzaa baba, tuliishi naye nyumba moja, na macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho tangu kabla sijazaliwa. Aliweza kutofautisha mchana na usiku, na mlango na ukuta, basi. Watu aliwajua kwa nyayo na kwa kikohozi. Mimi alinijua kwa kunipapasa. Kila jioni alinishika uso kwa vidole vyake vilivyonuka moshi na kitunguu, akaupitia taratibu kuanzia kwenye paji, halafu akasema kwa Kisambaa kwamba nimekua. Dada zangu wawili wakubwa alikuwa amewaona kwa macho yake kabla hayajaziba, na walinitambia hilo. Wakati wa ugomvi wakanambia, wewe bibi hata hajui ulivyo. Nililia sana kwa sababu ya maneno hayo. Nilikuwa darasa la pili, na nilichokitaka duniani ni bibi anione.

Ndipo ikaja habari kanisani, baada ya matangazo ya ndoa, kwamba daktari wa macho amefika hospitali ya misheni kule chini na atakaa wiki moja, Jumamosi anaondoka. Wazee wenye mtoto wa jicho wapelekwe. Baba alitoka kanisani amekwisha amua. Shida ilikuwa njia. Mvua zilikuwa zimeikata barabara na hakuna gari lililoweza kutufikia, na njia ya miguu ilikuwa ya kuteremka tu, udongo mwekundu unaoteleza. Bibi alikwisha kuanguka humo mara moja akakaa na mkono uliofungwa miezi kadhaa. Baba akasema, ataita vijana wachukue machela.

Kwetu wakati ule mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwa machela, kitanda cha kamba kilichofungwa kwenye miti miwili, vijana wakipokezana. Na desturi ilikuwa kwamba machela ikipita, kila aliyeko shambani anaacha jembe, anasogea njiani, anavua kofia, anauliza ni nani, halafu anasindikiza kidogo. Ni desturi ya upendo, lakini jiweke wewe pale juu ya machela. Babu alipelekwa hospitali hivyo, akasindikizwa na mlima mzima, na akarudi vilevile amefunikwa. Bibi alimsikiliza baba mpaka akamaliza.

"Machela nitapanda siku moja," alisema, "na siku hiyo hamtaniuliza."

Mabishano yalichukua siku mbili. Mama akaja na wazo la farasi. Baba akaenda kumwomba yule mama mwenye shamba, naye akakubali bila maneno mengi. Bibi alipoambiwa alicheka, akasema hajawahi kuona mwanamke wa Kisambaa juu ya farasi, akaongeza kwamba hata huyu hatamwona. Tukaelewa kwamba amekubali.

Jumatano asubuhi baba alimleta Bwana Shamba uani. Bibi alivaa gauni lake la kanisani, akajitanda kanga, akapandishwa kwa kutumia kinu kilichopinduliwa. Mimi niliwekwa mbele yake ili anishike na nimweleze njia. Jamani, nilikuwa mtu mkubwa siku hiyo. Nilimwambia sasa tunapita kwa mama fulani, sasa kuna mgomba umeanguka, sasa dada zangu wako nyuma kabisa na wanatutazama. Baba alitangulia ameshika kamba. Farasi alikwenda vizuri, polepole, hata kabichi za watu alizipita.

Tulipofika kwenye kona ambapo miwati inaanza, pande zote mbili za njia, imechanua njano tupu, Bwana Shamba alikitupa kichwa juu ghafla. Nilidhani ni nzi. Akakitikisa tena, kulia na kushoto, kwa nguvu, hatamu zikalia, akakoroma, akainama kusugua pua kwenye goti lake mpaka nikakaribia kuteleza shingoni. Baba alisimama akamwangalia masikioni, akamfungua kinywa akaangalia chuma cha hatamu na meno, akapitisha mkono chini ya tandiko. Hakuona kitu. Akamvuta, farasi akapiga hatua chache na kutikisa kichwa tena, vilevile anavyotikisa mtu anapokataa kabisa jambo.

Watu walikuwa wamekwisha sogea kutoka mashambani, maana machela au farasi, desturi ni ileile. Mzee mmoja jirani yetu alivua kofia, akatazama kwa muda, akasema kwa sauti ya chini kwamba mnyama huyu anakataa. Mama mwingine akaitikia kwamba wanyama huona wasiyoyaona watu. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Kwetu kichwa kikitikiswa hivyo kina maana moja, na hakuna aliyefikiri kwamba farasi anaweza kuwa na maana yake nyingine. Nikasikia mikono ya bibi tumboni kwangu imekaza.

"Anakataa nini?" aliniuliza sikioni.

Nikamwambia anatikisa kichwa tu. Akawaambia wote, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kama mwenye miguu minne amekataa, yeye mwenye miwili anatafuta nini. Akaomba arudishwe nyumbani. Baba alijaribu kumbembeleza, lakini farasi aliendelea kukataa mbele ya umati, na huwezi kubishana na bibi huku shahidi wake anatikisa kichwa.

Tuliporudi uani, Bwana Shamba alitulia kama hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililomvunja baba moyo. Alikesha siku mbili na yule mnyama, si kukesha kwa usiku, kukesha kwa fikra. Alimpaka mafuta masikioni. Alimtoa chuma kinywani akamwongoza kwa kamba tupu. Alimfukizia moshi wa majani kufukuza wadudu. Kila alipomfikisha kwenye ile kona farasi alikataa, na kila alipomrudisha alitulia. Alhamisi jioni baba aliketi kizingitini, viatu mkononi. Nilijua wiki ya daktari inaisha. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kitalu cha kabichi alichokifunika mama kwa chandarua kilichochakaa ili kuku wasikifukue, nikalia humo peke yangu. Bibi hataniona kamwe, nikajisemea, kwa sababu ya farasi.

Ijumaa asubuhi, umande haujakauka, bibi aliniita nimpeleke bandani. Farasi alikuwa amefungwa pamoja na ng'ombe wetu, kwa kuwa shamba la mwenye naye lilikuwa mbali. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa ile kona, na harufu ya miwati ilifika mpaka pale. Bibi alikohoa kidogo, akavuta pembe ya kanga akaziba pua. Alifanya hivyo kila mwaka miwati ilipochanua, na sisi watoto tulikwisha zoea. Kwa mkono mwingine akamtafuta farasi. Akampapasa uso kama anavyonipapasa mimi, kuanzia kwenye lile baka la paji, akashuka mpaka puani. Pale alikaa. Farasi alipiga chafya, akaulowesha mkono wake wote.

Aliniuliza farasi alianzia wapi hasa kukataa. Nikamwambia pale miwati inapoanza. Akauliza kama huku uani anatikisa kichwa. Nikamwambia hapana, ila asubuhi hii anajikuna pua kwenye nguzo. Bibi alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani amesahau kwamba niko, mkono wake bado uko kwenye pua ya farasi, kanga bado iko kwenye pua yake. Nilimvuta gauni nikamwambia kuna baridi. Hapo akapumua kwa nguvu.

"Nenda kamwite baba yako," alisema. "Mwambie huyu hakatai safari. Anaumwa na maua, kama mimi."

Baba alikuja na pensi ya kulalia. Bibi akamweleza, na akamwambia cha kufanya: akate kipande cha kile chandarua cha kitaluni, akikunje mara mbili, akifunge kwenye hatamu kiifunike pua lakini kinywa kibaki wazi. Mama alilalamikia kabichi zake kidogo, kisha akaleta mkasi na sindano, akakishona mwenyewe. Farasi alipovalishwa, dada zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Alifanana na bibi harusi aliyechelewa kanisani.

Tukapanda tena. Tulipofika kwenye kona, wale wale walisogea, na yule mzee akavua kofia yake tena. Bwana Shamba alikitupa kichwa mara moja. Nikafumba macho. Akakitupa tena, kwa unyonge, akakoroma ndani ya chandarua chake, halafu akashusha shingo akaendelea kutembea. Alitembea miwati yote mpaka ikaisha. Watu walitusindikiza kwa muda wakicheka na kupiga makofi, na mzee akarudisha kofia kichwani. Bibi peke yake hakucheka. Mikono yake ilinibana njia nzima mpaka nikashindwa kupumua vizuri, nami nikadhani anaogopa kuanguka.

Jicho moja lilifanyiwa kazi siku ileile, daktari alikwisha anza kufunga vitu vyake. Kesho yake muuguzi akamfungua bendeji, na mimi nikasukumwa mbele. Nilikuwa nimeoshwa uso mara nyingi asubuhi hiyo, na baba na mimi mwenyewe. Bibi alipepesa, machozi yakamtoka, muuguzi akamfuta. Alinyoosha vidole kwa mazoea kuutafuta uso wangu, halafu akaviacha hewani. Alinitazama. Sijatazamwa vile tena na mtu yeyote, hata siku ya harusi yangu.

"Hilo pengo nimelisikia siku nyingi ukisema," alisema. "Kumbe ndivyo lilivyo."

Nilicheka, nikalia, nikalificha pengo kwa mkono, akanitoa mkono. Halafu akamgeukia baba akamwambia hongea, ndiyo asante ya kwetu, akauliza kama farasi amepewa maji.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo na jicho lake moja, akichambua mchele na kunikosoa nywele. Nilipokuwa sekondari, likizo moja, tulikaa jikoni tukimenya viazi, nikamuuliza kitu ambacho kilinikaa tangu utotoni: asubuhi ile bandani alikuwa anafikiri nini muda wote ule, mimi ninatetemeka kwa baridi. Alimenya kiazi chote kwanza.

Akaniambia kwamba aliogopa kisu. Tangu tangazo la kanisani hakulala, kila akifumba macho aliona mtu anamjia na kisu machoni. Machela ilikuwa kisingizio. Farasi alipotikisa kichwa, alimshukuru Mungu palepale juu ya tandiko. Alitaka Jumamosi ifike, daktari aende zake, na lawama zote ziwe za farasi. Alikwenda bandani Ijumaa ile kumshukuru Bwana Shamba, hakuwa na jambo lingine. Ila alipoishika pua akasikia jinsi inavyowaka.

"Yeye alikuwa anaumia kweli," alisema. "Mimi nilikuwa naogopa tu."

Nilibaki na kisu na kiazi mkononi. Hakuna mtu mwingine mlimani aliyejua kinachomsumbua yule mnyama. Baba alikwisha shindwa, na sisi wote tulikwisha amini kwamba amekataa. Bibi angeondoa mkono wake tu, akaniambia turudi ndani kuna baridi, nami ningemshika mkono nikamrudisha, na asingetuona mpaka anakufa, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angemlaumu.