Fundi Sikio na Bomba la Gari la Maiti

Makala hii inajua kila kitu kuhusu mabomba ya moshi ya magari. Yaani, fundi alieleza mara tatu, aliyeandika akaitikia kwa kichwa mara tatu, akaondoka na alichokishika: yapo yanayonguruma na yapo yanayonong'ona.

Saa tatu asubuhi. Fundi Sikio amelala chali juu ya gunia, chini ya gari la maiti. Inaonekana miguu tu, na miguu inayotokeza chini ya gari la namna hiyo humfanya mpita njia akaze mwendo.

"Abiria wangu halalamiki," anasema dereva wa gari hilo. "Wanaolalamika ni wanaomsindikiza. Juzi mjane mmoja kaniambia, 'Baba, gari lako limelia kunishinda mimi.'"

Gari lina injini kubwa na mabomba mawili ya moshi, moja kulia, moja kushoto, kama ndugu wasiosemezana. Dawa yake ni bomba la kuwapatanisha. Fundi anayo ya aina mbili. Daraja ni kipande kifupi kinachokatiza kati ya mabomba, kama herufi H. Mkasi ni pale mabomba yanapokutana na kupishana, kama X.

"Mkasi ni wa mwenye haraka," anaeleza. "Moshi unapita mbio, injini inapata nguvu, sauti inakuwa nyembamba, ya shangazi akigombana. Daraja linaishusha, inakuwa nzito, ya baba mkwe. Sasa niambie, abiria wako ana haraka?"

"Hana."

"Basi daraja."

Kuchagua ni rahisi. Kazi ni kujua liwekwe wapi. Kwa miaka thelathini na mmoja fundi alipatafuta mahali hapo kwa kijiti: ncha moja kwenye bomba, ncha nyingine sikioni, akisikiliza panapolia zaidi. Ndipo lilipotoka jina la Sikio.

Mwaka huu kijiti kimenyamaza. Sikio la kulia liliondoka kwanza, kama mgeni asiyeaga. La kushoto linafunga mizigo. Hayo fundi aliyakiri baadaye, akaruhusu yaandikwe. Lakini asubuhi hii bado ni siri, na siri hiyo inamtisha kuliko gari lililo juu ya kifua chake.

Sababu ni sharti la mwenye gereji: anayelala chini ya gari lazima asikie neno moja tu, "Toka!" Asiyelisikia, kazi hana.

Mwezi uliopita jeki iliteleza. Watu watatu walipiga kelele, "Toka!" Fundi akaendelea kukaza nati. Gari lilidakwa na gurudumu la akiba lililolazwa pale, likasimama shubiri moja juu ya kifua chake.

"Nilisikia," aliwaambia. "Nilitaka nimalize nati."

Tangu siku hiyo anatoka jasho kabla hajaingia chini. Jicho moja liko kwenye bomba, la pili liko kwenye viatu vya watu. Viatu vikikimbia, naye atakimbia. Asubuhi hii kuku mmoja amepita mbio, na fundi akachomoka chini ya gari na spana mkononi, akihema.

"Vipi, fundi?" dereva akauliza.

"Nanyoosha mgongo."

Siku hizi anapaka rangi hafifu kwenye mabomba, anawasha injini, anangoja. Panapoungua zaidi, hapo ndipo pa daraja. Rangi haihitaji sikio. Hata hivyo kijiti bado anakipachika sikioni mbele ya wateja, anatikisa kichwa kama daktari.

Mkewe, anayeuza nati na skrubu mlangoni mwa gereji, hana haraka ya kuamini maigizo hayo.

"Mume wangu siku hizi ananikubalia kila kitu," anasema. "Nilimwambia mama yangu anahamia kwetu. Akajibu, 'Vizuri, punguza chumvi.' Nikaanza kumchunguza." Kisha cheko linamkauka. "Jeki ikilia kidogo tu, moyo wangu unaruka. Anidanganye mimi, sawa. Asiidanganye jeki."

Fundi anaomba miaka miwili tu, binti yao wa mwisho amalize chuo. "Baada ya hapo silali tena chini ya gari. Nitakaa kwenye benchi, kazi yangu kuchagua na kukata mabomba."

Saa sita daraja limeshachomelewa. Dereva anasimama nyuma ya gari asikilize, mke wa fundi anakaa kwenye usukani. Anawasha. Mwenye gereji mwenyewe anageuka: sauti imeshuka kweli.

Fundi anaweka kiganja kwenye bomba, anatabasamu. Linaanza kuchoma, anautoa mkono. Kisha anafumba macho na kuinamisha kichwa, kama alivyofanya kwa miaka thelathini na mmoja.

Mkewe anazima gari.

"Mnasikia hiyo?" fundi anasema, macho kayafumba. "Nzito, imetulia. Sasa mjane atalia asikike mwenyewe."

Dereva anamtazama mwenye gereji. Mwenye gereji anatazama chini.

Mkewe anashuka, anamsogelea sikio la kushoto. "Unaisikia vizuri, baba watoto?" anauliza kwa sauti kubwa.

"Vizuri sana. Usiizime kwanza."

Anafumbua macho. Mkewe yuko mbele yake, na ufunguo wa gari unaning'inia kidoleni.