Shemeji Aliyetaka Kuchuma Mapema

Hilda Pudney alikuwa mjane asiyemwamini hata muuza maziwa. Basi Septemba ile, alipomwona Cyril, kaka wa marehemu mumewe, akiingia bustanini mwake na ngazi begani na kuuelekea mtufaha wake, moyo ulimlipuka.

Mti wenyewe ulikuwa wa D'Arcy Spice, tufaha la zamani la Essex, Uingereza, na kijiji kizima kilijua kwamba tunda hilo halina haraka. Huchumwa Novemba, wakati wa mioto ya sherehe inayowashwa kila mwaka, likiwa gumu kama jiwe. Hutundikwa ndani ya magunia, na Pasaka ikikaribia, matufaha mengine yote yameshaoza, ndipo linapolainika na kunukia kungumanga.

"Shemeji, umepotea njia?"

"Nimekuja kuchuma. Ndege watayamaliza."

"Ndege gani anayekula mawe? Sema tu umepata mnunuzi wa kiwanja hiki cha marehemu, unataka kuvuna kabla mti haujakatwa!"

Cyril akacheka, ila kicheko hakikumfika machoni. Alipoondoka na kuiacha ngazi mtini, Hilda akaificha nyuma ya banda la kuku.

Tangu hapo hakumwondolea jicho. Akamwona akiupapasa mti kama mtu anayepima mbao. Akamwona kituoni akishikwa mkono na bwana mwenye koti jeusi, wakapanda basi la kwenda mjini Colchester. "Wakili huyo," akajisemea.

Akamwalika chai, apate kumchokonoa. Cyril akamimina maziwa nje ya kikombe, yakatapakaa kwenye kitambaa cha meza alichopewa Hilda siku ya harusi.

"Unanikomoa, siyo?"

"Sikioni kikombe, Hilda."

"Husemi kweli."

"Macho yananiondoka. Kuna bwana mwenye koti jeusi, hunishika mkono kunipeleka hospitali Colchester. Nilitaka nichume ningali nayaona matufaha, maana Novemba sijui."

Hilda hakusadiki. Akanyoosha vidole mbele ya uso wa Cyril. "Vingapi?"

"Acha utoto, shemeji. Umenyoosha vidole?"

Hapo Hilda akashusha mkono. Akafuta maziwa polepole. Mwishowe akasema, "Utachuma Novemba. Ngazi nitaishika mimi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ganda la tufaha hilo hukwaruza kama gunia, wala halifanani na jani. Vidole vya Cyril vililitambua kila tufaha, akilizungusha taratibu mpaka likaachia tawi. Hilda alishikilia ngazi kwa mikono miwili, shingo ikimuuma kwa kumtazama juu.

"Umeacha moja kushoto!"

"Hilo lako. Usije ukasema nimekuibia."

"Ningesema," Hilda akajibu.