Sabufa ya Mama Ndanu wa Mbooni

Siku yangu ya kwanza katika gereji ile ya mjini Kitui sikushika gari lolote. Foremani, mtu mpole mwenye kovu la asidi ya betri mkononi, alinisimamisha mbele ya gari lililofunguliwa boneti akaniambia nitazame tu. Nilikuwa msichana wa pekee pale, nimetoka chuo cha ufundi juzi, na nilitamani sana kuonyesha ninachojua. Alasiri ndipo aliponiita.

"Mueni, unaona hii waya ya negative? Kazi yote ya umeme inaanza kwa kuitoa kwa betri. Ukisahau, gari itakukumbusha, na haikumbushi kwa maneno."

Baadaye nilipelekwa tawi la Mutomo, kutengeneza starta za pickup za wafanyabiashara wa mbuzi, zilizokuja zimejaa vumbi. Fundi Mkuu wa huko alikuwa mkali, hasa kuhusu fyuzi, kile kipande kinachokatika ili waya usiungue. "Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na redio!" alifoka. "Waya ikichubuka huko katikati, nani atazima moto?" Nilimwogopa, lakini hakuna gari nililolifungia nyaya mimi lililowahi kuungua.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa mji wa Wote, Makueni, na huko kazi ikawa redio na sabufa, zile spika za sauti nzito. Tuliyoifunga sana ni ile yenye amplifaya, yaani kikuza sauti, ndani yake, sanduku bapa linaloingia chini au nyuma ya kiti. Waya mnene hutoka kwenye betri kupitia fyuzi. Wa pili hufungwa kwenye bodi ya gari, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kionekane. Huo ndio eathi. Mwembamba hutoka kwenye redio, kuiamsha sabufa redio inapowashwa. Nyaya za sauti huvutwa upande mwingine wa gari, mbali na ule wa umeme, la sivyo spika zitanguruma pamoja na injini.

Wateja wengi walikuwa vijana waliotaka vioo vitetemeke. Mama Ndanu hakuwa mmoja wao. Alishuka kutoka Mbooni kwa pickup ya marehemu mumewe, ikiendeshwa na shemeji yake, Mutua. Mumewe alikuwa akiimba besi katika kwaya ya kanisa lao, na nyimbo zao zilikuwa zimerekodiwa kwa simu kabla hajaugua.

"Mwanangu," aliniambia, "redio ya hii gari inaimba kwaya yote. Soprano wako, alto wako, tenor wako. Mzee wangu hayuko."

Nilimweleza kwamba spika ndogo za mlangoni haziwezi kusukuma sauti nzito, kwa hiyo angehitaji sabufa. Mutua akaingilia.

"Mama Ndanu, watu watasema nini? Kaburi halijaota nyasi, na gari yake inapiga besi kama disko."

"Watu hawalali kwa ile nyumba, Mutua. Mimi ndiye ninalala."

Meneja wetu alinivuta kando. "Mwambie ukweli kabla hujafungua kiti. Sabufa haiumbi sauti. Kama simu haikushika ile besi, huyu mama atamzika mzee mara ya pili hapa kwa yadi yetu."

Nilimwambia vivyo hivyo. Akatazama ile pickup, kisha akasema, "Funga. Kama hayuko, nijue hayuko."

Nikafunga, wao wawili wakaketi ndani, nikawasha zile nyimbo. Kwaya ikaimba, lakini chini ya zile sauti palikuwa patupu. Mama Ndanu alinitazama. Mutua akasema taratibu, "Si nilisema."

Nilikagua fyuzi: nzima. Eathi: imeshika. Nilipoweka kiganja juu ya sabufa nikahisi inatetemeka, kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ndipo nikageuza kile kiswichi kidogo kinachoiamuru sabufa isukume wakati spika nyingine zinaposukuma. Zikipishana, sauti nzito huuana, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mtu kutoka upande wake.

Mzee akaingia. Hakuingia kwa kishindo. Sauti ilitokea nyuma ya kiti, pale mgongo wa mkewe ulipoegemea.

"Hapo," Mama Ndanu akanong'ona. "Hapo ndipo anashukanga."

"Zima, fundi," Mutua akasema.

"Usizime."

Mutua akafungua mlango, akaenda mpaka kwenye ua, akatugeuzia mgongo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Baadaye aliniambia kwamba tangu ujana wao alisimama kando ya kaka yake kwenye kwaya, na tangu mazishi hakuwa ameweza kusikiliza wimbo hata mmoja. Nikaelewa kwamba habari ya disko ilikuwa kisingizio tu.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, wakarudi. "Itoe," Mama Ndanu aliniambia.

"Imeharibika?"

"Haina shida. Nimemsikia mpaka nimetosheka. Nikiendelea, nitaacha kuwasikia walio hai."

Nilitoa waya wa betri, nikafungua kiti, nikaitoa. Nilipogeuka nitafute pa kuiweka, Mutua alikuwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Nifungie mimi," akasema. "Gari yangu iko hapo nje."

Niliifunga siku hiyo hiyo, na hakuna kazi niliyoifanya kwa utulivu zaidi.

Sasa nimestaafu. Vijana hunishauri nifungue duka, lakini masikio yangu yamechoka. Ndivyo uzee unavyoyachukua: sauti nyembamba hutangulia kuondoka. Ndege wa asubuhi siwasikii tena, na wajukuu ni lazima wanirudilie maneno. Jumapili hukaa kanisani upande ule wanakoimba wanaume wa besi. Wengine wote wameanza kunipotea. Hao bado wananifikia.