Mfumaji wa Kanzu ya Apolo

Kila mwaka Timareta wa Amikle alishirikiana na wanawake wenzake kumfumia mungu Apolo kanzu mpya. Mwaka ule mwanawe alikufa katika uwanja wa michezo. Kisahani cha shaba alichorusha rafiki yake kilimpasua kichwa, kama kile cha Apolo kilivyomuua kijana wake mpendwa, Hiakintho.

"Simvishi tena muuaji," Timareta alisema, akautupa uzi chini.

"Mwenzangu, nyamaza! Apolo naye alilia," mkuu wa wafumaji alimsihi. "Damu ya yule kijana si ilichipua ua?"

"Mbona ya wangu haijachipua kitu? Kila asubuhi naenda kuangalia!"

Wafumaji wakamtoa nje ya chumba cha kufumia. Akaenda moja kwa moja uwanjani, akapiga magoti, akaanza kufukua mchanga kwa kucha, akitafuta walau mzizi.