Siku Nilipoangusha Ukuta wa Mama Tekla

Jamani, nalisema hili kwa sababu mama mkwe wangu amekwisha kulisimulia kwenye kila arusi hapa Kilindoni, na kila akilisimulia ananiongezea aibu, basi bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Enzi zile za Ujamaa nilikuwa karani wa kupima mbata, zile nazi kavu, kwenye ushirika, kijana mwenye nywele zangu, na nilikuwa nimeshonesha suruali ya bugaluu, mapajani inabana hata kupiga chafya naogopa, chini imepanuka kama tarumbeta (vijana wa chama walikuwa wakizipima suruali kwa chupa, chupa isipopita mguuni wanaichana suruali, lakini nguo nimeisubiri mwezi mzima, ningeiachaje sandukuni?). Jumamosi moja jioni rafiki zangu Shomari, dereva wa trekta, na Faraji, kuli wa bandarini, wakaniambia leo tunakupeleka kwa Mama Tekla.

Mama Tekla alikuwa mjane wa Songea, aliyekuja na mumewe kufanya kazi kwenye mashamba ya minazi, na nyuma ya banda lake la mbata alikuwa na kijichumba cha makuti ambacho ungepita ubavuni mwake usijue kama ndani mna watu. Kibali cha kuuza pombe hakuwa nacho. Akikamatwa, anarudishwa kwao.

"Vaa msuli," Shomari alinionya, "kule tunakaa chini."

Mimi nikavaa bugaluu.

Wallahi, kile chumba kilikuwa kizuri! Mkeka msafi, kandili imefunikwa nusu, mitungi imezikwa kwenye mchanga uliomwagiwa maji, na Mama Tekla mwenyewe hakuulizi unataka nini, anakutazama uso kwanza, kisha anachota tembo la mnazi la siku ile, anatia dafu, anakamua ndimu, tangawizi kidogo, karafuu moja, anaonja kwa ncha ya ulimi, anakupa kwenye kifuu. Sijawahi kuona mikono ya namna ile, wala kijiko haigongi.

"Wewe una wasiwasi wa posa," akaniambia. "Nimekuzidishia dafu."

Kweli, mjomba wangu alikuwa amepeleka posa kwa akina Zuhura na jibu halijaja. Nikanywa, nikahisi roho imeshuka mahali pake. Wenzangu wamekaa, mimi suruali hainiruhusu kukunja magoti, nimesimama kama mlingoti, nikaona nijiegemeze.

Ukuta ukaenda nami! Upande mzima wa makuti ulilala nje, na mimi juu yake chali, kifuu mkononi, na pale njiani linapita kundi la akinamama wanaokwenda arusini, na wa mbele yao ni Bi Kijakazi, mama yake Zuhura.

"Shikamoo, mama," nikasema hukohuko chini.

"Marahaba. Unafanya nini hapo, mwanangu?"

Mama Tekla akatokea anajifuta mikono kwenye kanga, hana haraka. "Anapima urefu, Bi mkubwa. Ukuta umeoza, nimewaomba vijana hawa wanishonee mwingine."

Bi Kijakazi akanusa. "Na hii harufu?"

"Siki ya nazi." Akaingia, akatoka na chupa ya siki, siki kweli kweli (kumbe huiweka tayari kwa siku kama hizo), akampa. Bi Kijakazi akaonja kwa kidole, akakunja uso, akaridhika. Nilidhani tumeokoka, lakini akavuta gogo akakaa. "Basi shoneni, niione kazi ya kijana anayemtaka binti yangu."

Basi tukagawiwa makuti na sindano za shazia. Nikalala ubavu, ndiyo namna pekee suruali ilivyokubali, nikashona kwa bidii, jasho linatoka, akinamama wananitazama, sindano naiona mbili. Nilipomaliza nikainuka kwa adabu nimuage, na kuti likainuka nami: nilikuwa nimeushona mguu mzima wa bugaluu. Nikavuta. Suruali ikachanika tangu gotini mpaka kiunoni, prrr, chupa kumi zingepita.

Akinamama walicheka hadi wengine wakakaa njiani. Mama Tekla hakucheka, akavua kanga ya mabegani akanifunga kiunoni, akaninong'oneza, "Tembea taratibu, usigeuke nyuma."

Jumatatu mjomba akaniita. Nikaenda nimeinamisha kichwa.

"Posa imekubaliwa," akasema. "Ila mama yake anasema, siku ya arusi uvae kanzu, na ile siki uliyokuwa ukinywa, aletewe naye kifuu kimoja, kwa siri."

Tangu hapo nimeapa: nikialikwa mahali, nauliza kwanza kunakaliwaje.