Pudentienne na Taa za Ndagala

Mimi niliacha shule darasa la tano, na si kwa ujinga: shule ndiyo ilichoka nami. Dada yangu mdogo, Pudentienne, yeye na shule hawakuchokana. Miaka ishirini na minane anafundisha hapa Uvira, na siku hizi anafundisha hata walimu wenzake namna ya kupima habari za telefoni kabla ya kuziamini. Watu wanamsifu kwa akili. Sawa, lakini waulizeni nani alimbeba mgongoni kuvuka mto Mulongwe siku yake ya kwanza ya masomo.

Ukimkuta darasani utafikiri anaota. Anasimama dirishani, macho ziwani, kule ambako milima ya Burundi inaelea juu ya ukungu kana kwamba haina miguu. Sauti yake inatoka polepole: "Musiangalie tu kile wanawaonyesha. Angalieni kile kimejisahau ndani ya picha."

Siku moja kabla ya mtihani wa mwisho wa darasa la sita, picha ilifika katika telefoni yangu. Nyumba zimezama mpaka madirishani, na nyuma yake mstari wa taa juu ya maji meusi, zinapendeza kama mji wa pili. Chini waliandika: "Jana usiku, kusini ya Makobola. Kesho maji inafika Uvira. Pandisheni watoto mulimani." Nikaituma katika vikundi kumi na vinne. Minye si muntu wa kuficha habari.

Saa nne wazazi walikuwa wamejaa kwenye mlango wa shule. Mtoto akikosa mtihani anarudia mwaka mzima, na Pudentienne alikuwa na watoto arobaini na wawili. Nyuma ya darasa waliketi walimu waliokuja kujifunza kwake, na mmoja wao, Sévère wa Rurambo, mtu wa ng'ombe, alikwisha kufunga mfuko wake.

"Madamu, tuondoke. Maji haiheshimu diplome."

Hapo akaingia Ayoubu, mvuvi. "Madamu, nipe Chadia wangu. Bibi yake iko anatungoja na mizigo."

"Karibu, baba Chadia. Nisaidie kwanza na hii picha. Hizi taa ni za nini?"

"Weye mutu wa Uvira haujui taa za ndagala, zile tunavutia samaki ndogondogo usiku?"

"Yako ni gani hapa?"

"Yangu? Yangu iko nyumbani, imetundikwa ukutani. Na huu mwezi mujaa, nani anashuka kuvua? Mbingu yote iko inawaka, ndagala hazifuati taa. Tuko tunalala tu, siku ine sasa..."

Akainama tena juu ya picha, akizihesabu taa. Sévère akaweka mfuko wake chini, taratibu.

"Basi picha si ya jana," akasema.

"Si ya jana," Ayoubu akajibu, kama mtu anayeamka. "Hata mwezi huu si yake, hii ni ya usiku wa giza."

"Nani alikutumia?" dada yangu akamwuliza.

Ayoubu akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni nikingoja kushukuriwa. "Kaka yako."

Dada yangu hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. "Kaka, wazazi hawa nitasema nao mimi. Wale wamekwisha kupanda, weye ndiye utawafuata."

Nikapanda njia ya mlimani, ile ya Bijombo, nikiwageuza watu mmoja mmoja. Kutoka juu, ziwa lilikuwa limelala kimya kama kitambaa kilichotandazwa, halina nia mbaya na mtu. Wa mwisho niliyemfikia alikuwa mama mmoja, Consolate, na binti yake Olga, na godoro lao.

"Ni weye tena? Asubuhi unatupandisha, saa hizi unatushusha!"

"Mama, minye nafuata habari mpaka mwisho wake."

"Basi fuata na godoro."

Nikalibeba kichwani mpaka chini.

Kesho yake, kupitia dirishani, niliona vichwa arobaini na viwili vimeinama juu ya karatasi, Olga mstari wa mbele. Wale walimu waliokuja kujifunza kwa dada yangu walikuwa nje, bado wanaongea juu ya zile taa. Nikawakumbusha: bila mimi, wangejifunza na picha gani?